Fundo la Mguu wa Kushoto

Kwetu Kilosa mzazi hakandwi akilia. Mzazi ni mwanamke aliyetoka kujifungua, na kukandwa ni yale maji ya moto ya arobaini: beseni, taulo, majani ya mwarobaini yaliyochemka mpaka maji yanageuka rangi ya chai, na mikono ya mwanamke mwenzake inayompita tumbo, kiuno na miguu mpaka mwili urudi mahali pake. Mama yangu alikuwa mkandaji, akanifundisha kazi hiyo kabla sijajua kusoma vizuri, na sheria ya kwanza aliyonipa ndiyo hiyo. Anayelia akikandwa, alisema, maziwa yake yanakimbia. Katika maisha yangu sijaona maziwa yaliyokimbia kwa sababu ya kilio. Niliishika sheria kwa sababu ilinifaa, maana mimi sina subira na watu wanaolalamika.

Kazi yangu ya mshahara ni ualimu. Nafundisha sayansi shule ya msingi, na ukutani darasani nina chati ya mzunguko wa damu niliyoichora mwenyewe, ateri kwa wino mwekundu, vena kwa wino wa bluu, mishale ikionyesha damu inavyopanda kutoka miguuni, inavyoingia kwenye moyo na kusukumwa kwenye mapafu. Siku za mapumziko ndiyo nilikuwa nakanda. Nilijulikana kwa mkono mzito. Akina mama wakwe walinipenda, wake wa watoto wao waliniogopa, na mimi sikuona ubaya. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, mikando arobaini kila mguu, kutoka kifundoni kwenda juu, kama ninavyowahesabisha watoto wa darasa la kwanza. Binti akianza kukunja uso, namwambia, "Kuzaa umezaa, maji ndiyo yatakushinda?" Basi anaufunga mdomo. Nilijivunia kwamba chini ya mikono yangu hakuna aliyewahi kulia. Majivuno hayo ndiyo yaliyomfikisha mdogo wangu pale alipofika, na ndiyo maana nayataja kwanza.

Mdogo wangu ni mama lishe Mikumi, kando ya barabara kuu, pale malori yanapoegeshwa ili madereva wale. Alfajiri yuko wima mbele ya majiko mawili, wali huku, maharage kule, na hakai mpaka sufuria ya mwisho ioshwe. Mimba ya kwanza ilimwachia mishipa miguuni, na ya pili ikaiongeza. Ilikuwa imetuna kuanzia nyuma ya goti la kushoto mpaka karibu na kifundo, ya kijani iliyokolea, imejisokota, na jioni ukiigusa ilikuwa laini kama utumbo wa kuku. Yeye aliifanyia mzaha. Aliiita Mkondoa, mto wetu wa Kilosa, na akishinda amesimama alinipigia simu kuniambia leo Mkondoa umefurika. Tulikuwa tunacheka. Ushauri wangu wote ulikuwa avae dera refu, asiwatishe wateja.

Alipojifungua mtoto wa tatu, shule zilikuwa zimefungwa. Mama yetu alishafariki, kwa hiyo wa kumkanda nilikuwa mimi. Nilifika Mikumi siku ya tisa. Shemeji yangu, dereva wa lori, alikuwa safarini Zambia, na watoto wakubwa walikuwa wamepelekwa kwa bibi yao Msowero. Aliyekuwa anamuuguza mzazi ni shangazi yake shemeji, mama mmoja mwembamba wa Ruaha, mkulima wa miwa, mwenye sauti ndogo ambayo hakuipandisha kwa lolote. Nilimkuta amekaa kizingitini anachambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Mwalimu. Afadhali umekuja. Kuna kitu mguuni."

Niliingia ndani. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kitenge ili upepo usimpige mzazi, na chumba kilikuwa na joto la mkaa na harufu ya maziwa yaliyochacha. Mdogo wangu alikuwa amelala chali, magoti yamefungwa pamoja kwa kanga ili mwili ujifunge, kama inavyotakiwa. Tangu ajifungue hakuwa ametembea zaidi ya hatua za kufika kwenye ndoo. Mtoto alikuwa amelala pembeni yake, kisu kikiwa chini ya mto wake kwa ajili ya kinga. Kila lori lililopita barabarani lilitikisa nyumba. Likishapita, kimya kilikuwa kikubwa mno kwa saa nne ya asubuhi, kwa maana nyuma ya nyumba zile hakuna mtu, ni vichaka, halafu hifadhi.

Nilimfungua kanga nikaweka viganja vyangu kwenye miguu yake, huu hapa, huu hapa. Wa kushoto ulikuwa wa moto. Maji yalikuwa bado jikoni, taulo lilikuwa kavu begani kwangu, na mguu ule ulikuwa umeshapata joto, joto lake peke yake, ambalo halikuwa usoni wala tumboni wala kwenye mguu mwenzake.

"Umesikia?" Shangazi aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimesikia."

Ulikuwa mnene kuliko wa kulia. Si sana, mtu asiyekanda miguu asingeona. Ngozi ilikuwa imevutika ikang'aa. Niliifuata mishipa kwa gumba kutoka kifundoni: laini, laini, halafu kamba ngumu, ndefu kama kidole changu cha kati, imelala kwenye shavu la mguu kana kwamba mtu ameipenyeza pale akaiacha. Mdogo wangu alifumba macho.

"Inauma?"

"Kidogo tu, dada."

Shangazi aliingia akainama. Alisema mzazi amekanyaga kitu, kwamba pale kwenye majiko yake wapo wenye kijicho, kwamba kilichotegwa kimeingilia unyayoni na sasa kinapanda. Alisema kwa utulivu, kama anayeeleza bei ya sukari. Nilicheka puani. Nikamwambia, shangazi, hii ni damu tu, imelala kwa sababu mwenyewe amelala.

Nilikuwa nimesema kweli tupu. Laiti ningeishia hapo. Lakini nikaendelea, nikasema damu iliyolala dawa yake ni kuamshwa, na nikaenda kuchukua maji.

Nilimkanda siku hiyo kwa nguvu zangu zote. Nilihesabu arobaini, nikaona lile fundo la kamba liko vilevile, nikarudia arobaini nyingine. Mdogo wangu aliuma pindo la kanga na hakutoa sauti. Nilimsifu. Nilipomaliza, shangazi alichukua kipande cha mkaa jikoni, akapapasa kamba ile mpaka mwisho wake wa juu, akachora mstari mweusi pale ilipoishia, chini kidogo ya goti. Kisha akamfunga uzi mweusi juu ya goti, mafundo matatu, ili kitu kisivuke. Mimi nilikuwa namtazama kama ninavyomtazama mtoto anayeandika kwa mkono usiofaa. Sikumzuia, kwani nilijiambia uzi hauna madhara. Hata hilo nilikosea.

Kesho yake asubuhi kamba ilikuwa imevuka mstari. Ilikuwa imeupita kwa upana wa vidole vinne na kuingia nyuma ya goti. Shangazi alichukua mkaa. Alichora mstari wa pili.

Sasa nasimulia kile ambacho mikono yangu inakikumbuka kuliko kichwa. Nilikuwa nakanda nyuma ya goti, nimeegemea kwa uzito wangu wote, nahesabu, na katikati ya hesabu kitu kikateleza chini ya gumba langu. Kilikuwepo, kigumu, halafu kikaponyoka kama kambare anavyoponyoka mkononi, kikaenda. Gumba likazama kwenye nyama laini. Nilifurahi sana. Niliendelea mpaka arobaini kwa sababu sipendi kuacha kitu nusu, kisha nikamgeukia shangazi.

"Limevunjika," nikasema.

Shangazi alikuja akapapasa, akapapasa tena, taratibu, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza ukutani. "Halijavunjika, Mwalimu," akasema. "Limeondoka."

"Limekwenda wapi?"

Shangazi alitazama kifua cha mdogo wangu, kilichokuwa kikipanda na kushuka chini ya kanga, na akakitazama muda mrefu mpaka nikataka kumwambia aache.

Mchana ule mdogo wangu hakumaliza uji wa pilipili manga. Alisema amechoka. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo, na mtoto alikuwa ananyonya na kuacha, ananyonya na kuacha. Nilitoka nje nipumue. Juu ya ukuta wa choo alikuwa amekaa nyani mmoja mkubwa. Mikumi nyani ni wa kawaida, huiba mahindi, hufukuzwa kwa mawe, watoto hucheka. Huyu hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa anatazama dirisha lililozibwa kwa kitenge. Nilimrushia kokoto, ikampiga mkononi, na hakugeuza kichwa. Niliogopa, na kwa kuwa nilikuwa nimeogopa, nilikasirika, nikaingia ndani nikamgombeza shangazi kwa sababu ya mkaa uliomwagika.

Asubuhi ya tatu mguu ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa wa zambarau iliyofifia kuanzia kidole mpaka pajani. Uzi mweusi ulikuwa umezama kwenye nyama, hauonekani ila kama ufa. Shangazi alipapasa sehemu ya ndani ya paja. Alichora mstari wa tatu mahali ambapo mtu hapaswi kuchorwa na mwingine, karibu na kinena, akaweka mkaa chini, akafuta vidole kwenye gauni lake.

"Hili si la maji yako," aliniambia. "Wala si la kwangu. Mtoe umpeleke hospitali."

"Shangazi, arobaini haijafika hata nusu. Atoke nje na upepo huu?"

"Likifika kifuani mimi sina dawa."

Mtu mzima alikuwa amesema. Kwetu mtu mzima akisema mara mbili huongezi neno tena. Mimi nilisema, "Ngoja nimkande mara moja tu. Nikimaliza ndiyo tutajua." Nikaenda kuweka sufuria jikoni. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na sijapata sababu nzuri. Nadhani sikutaka fundo liwe limenishinda mbele ya mwanamke anayetibu kwa uzi.

Maji yalikuwa bado hayajachemka niliposikia naitwa. Nilimkuta mdogo wangu amejiinua kwa viwiko, anapumua juu juu, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo.

"Dada, mwambie yule mama ahame hapo."

"Mama yupi?"

"Huyo aliyekaa mwisho wa kitanda. Ananikalia miguu."

Mwisho wa kitanda palikuwa na kanga iliyokunjwa. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mimi katikati ya chumba. Mwanga wa saa nne ulikuwa unapenya kwenye kitenge, chumba kizima kilikuwa chekundu na kila kitu kilionekana.

"Amevaaje?" Shangazi aliuliza, sauti ileile ndogo.

"Sijui. Amenipa mgongo." Mdogo wangu alivuta pumzi, ikaishia njiani. "Sasa anageuka."

Kisha akakohoa, kikohozi kikavu, mara tatu, na kwenye pindo la kanga yake nyeupe yakatokea matone madogo mekundu. Shangazi ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha bajaji. Tulimbeba mzazi wa siku kumi na moja, kichwa wazi, tukamtoa nje na mtoto wake mbele ya watu wote, na mimi nilikuwa bado nimebeba taulo begani.

Hospitalini walimwekea hewa ya oksijeni kabla hawajaniuliza jina lake. Nesi alikata ule uzi kwa mkasi, akalazimika kuutafuta kwanza. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alipoinua kanga akaona mistari mitatu ya mkaa, alisimama.

"Nani aliyechora hii?"

"Shangazi yake," nikasema haraka. "Ni mambo ya kienyeji, daktari, utusamehe."

"Kila siku mstari mmoja?"

"Ndiyo."

"Amefanya vizuri. Hata mimi ningeweka alama." Aliupima mguu kwa utepe, wa kulia na wa kushoto, akaandika. Halafu akauliza bila kuinua uso, "Na huu mguu umekuwa ukikandwa? Nani anaukanda?"

Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba mwenye jibu anyooshe mkono. Mikono yangu ilibaki pale ilipokuwa, chini ya kanga. Mdogo wangu alisogeza kile kifuniko cha oksijeni kwa vidole viwili.

"Nimejikanda mwenyewe, daktari," akasema.

Daktari alinitazama mimi. Nina hakika aliona vidole vyangu nilipompokea mtoto kutoka kwa nesi, kucha zimekuwa za kahawia kwa mwarobaini. Alichukua karatasi akanichorea. Alichora mguu, moyo, mapafu mawili, na mishale. Alichora chati yangu. Akasema mishipa iliyotuna hivi mara nyingi haimdhuru mtu zaidi ya maumivu na uchovu, watu huzeeka nayo, lakini damu ndani yake hupita kwa uvivu. Ukiongeza ujauzito, ukiongeza kujifungua, ukiongeza kulala siku kumi bila kutembea, damu inaweza kuganda. Inaanza bonge dogo, linarefuka, linapanda, linaingia kwenye vena kubwa za ndani. Mguu unavimba upande mmoja, unakuwa wa moto, unauma. Mguu wa namna hiyo haukandwi, alisema, kwa sababu bonge au kipande chake kinaweza kung'oka. Na kikishang'oka, kinafuata njia ya damu. Aliweka kalamu kwenye shavu la mguu, akaipandisha, paja, tumbo, moyo, akaisimamisha kwenye pafu.

"Linafika kifuani," nikasema.

"Ndiyo, mama. Linafika kifuani."

Nilikumbuka maneno hayo niliyasikia asubuhi ileile kutoka kwa mtu niliyemcheka. Mmoja alisema kimetegwa na mwenzake akasema kimeganda, lakini njia waliyoionyesha ilikuwa moja, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama katikati nikikisukuma kitu kwenda juu.

Ilibidi apelekwe Morogoro kwa gari la wagonjwa. Njia hiyo inakatiza hifadhi. Nilikaa na mtoto mapajani, nesi upande wa pili ameshika kifundo cha mkono cha mdogo wangu, macho kwenye saa. Midomo ya mdogo wangu ilikuwa na rangi ya majivu. Mtoto alilia tangu tulipotoka. Tulikuwa hatujafika mbali dereva alipopunguza mwendo, akazima king'ora, akasimama kabisa.

"Kuna nini?" nesi aliuliza.

"Tembo."

Walikuwa wanavuka. Niliwaona kupitia kioo cha mbele, wakubwa, wa kijivu, hawana haraka, wanatoka kwenye nyasi upande mmoja na kuingia kwenye nyasi upande mwingine, na miguu yao haikutoa kishindo nilichokitarajia. Nilimwambia dereva apige honi. Akasema hawa hawapigiwi honi, mama, tukiwakasirisha hatufiki. Basi tukakaa. Jua la mchana lilikuwa kali, barabara nyeupe, na mbele yetu wanyama wanapita kama msafara wa mazishi usio na watu. Mtoto alinyamaza ghafla. Nilisikia oksijeni ikipuliza, na katikati ya kupuliza huko nilisikia pumzi za mdogo wangu, nikaanza kuzihesabu kwa mazoea ya kazi yangu, na nilipogundua ninahesabu nilijiziba mdomo kwa kiganja. Yeye alikuwa ananitazama. Hakuwa anamtazama mtoto wake, alikuwa ananitazama mimi, kwa macho yaliyofunguka sana, na nilidhani ananiaga.

Niliomba. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilimwambia Mungu kwamba kama anataka mikono, achukue yangu.

Tulifika. Siku mbili za kwanza Morogoro hakuna aliyetuahidi kitu. Walimpitisha kwenye kipimo cha utrasaundi, walimchoma sindano za tumboni za kuifanya damu isigande, na kila nilipouliza nilijibiwa tusubiri. Siku ya tatu aliomba chai. Nilikwenda kuinunua nikilia njia nzima, watu wakinipisha. Alikaa wodini wiki mbili, akatoka na vidonge vya kumeza kwa miezi, kadi ya kwenda kupimwa damu, na soksi ndefu ya kubana mguu. Nilimuuliza daktari wa kule kuhusu yule mama wa mwisho wa kitanda. Alisema ubongo ukikosa hewa mtu anaweza kuona mambo. Nimeyapokea maelezo hayo, na nawafundisha wengine. Lakini nikienda Mikumi nalala sebuleni.

Siku hizi mzazi akiletwa kwangu hasikii hesabu. Nakanda mgongo na kiuno, nampa uji, namtembeza uani asubuhi na jioni, akina mama wakwe wanung'unike wapendavyo. Miguu naiangalia kwanza, miwili kwa pamoja, nauliza kama inauma, na mmoja ukizidi mwenzake unene au joto, siugusi tena, tunakwenda hospitali siku hiyohiyo. Wengine wanasema Mwalimu amezeeka, mkono umekuwa mwepesi. Shangazi wa Ruaha nilimfuata shambani kwake kumwomba radhi. Alinipa muwa, tukakaa tukaumenya, na suala lile hakuligusa.

Desemba nilikwenda kumwona mdogo wangu. Amerudi kwenye majiko, lakini sasa ameajiri msichana wa kusimama, na yeye anapikia kwenye kigoda, akiinuka kila baada ya muda kuzunguka gari moja la wateja na kurudi. Akipanda ngazi za benki anapumzika katikati. Asubuhi hiyo alikuwa kitandani anavaa soksi yake, kazi inayotaka nguvu, anaivuta kidogo kidogo kutoka vidoleni kwenda juu, na mimi nilikuwa nimekaa namwangalia bila kumsaidia, kwa sababu tangu siku ile sijaugusa mguu ule.

"Dada," akasema, "kuna kitu sijakwambia."

Nikamwambia aseme.

"Siku ile ya pili, nilisikia kilipotoka. Nilikisikia kabisa, kimeachia nyuma ya goti, kikapita pajani kama uzi wa baridi. Halafu kifuani nikasikia kama mlango umefungwa. Nilijua kuna jambo baya limefanyika." Alisimamisha mkono gotini, akapumzika. "Ulikuwa umefika ishirini na tatu."

Nje msichana alikuwa anagonga mwiko kwenye sufuria, na wateja walikuwa wanaulizia supu.

"Sasa kwa nini hukusema?" Nilimuuliza, na sauti yangu, Mungu anisamehe, ilitoka kali, kama ya darasani. "Kwa nini hukupiga hata kelele, nikaacha?"

Aliniangalia kwa mshangao, si kwa hasira. Nadhani ingekuwa hasira ningepata la kumjibu.

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa unanikanda," akasema. "Nikajiambia, zimebaki kumi na saba."